Nilishinda gari, kodi nusura inishinde

Nyota nne kati ya tano kwa mama anayenishughulikia kodi. Ile ya tano nimeibana kwa sababu nitakazozitaja huko mbele, lakini ukiniuliza leo nimpelekee nani fomu ya zawadi, nitarudi kwa mama yuleyule, kwenye chumba kilekile chenye viti vinne na printa inayolia kama mbuzi.

Sisi tunaofanya kazi Marekani tumeshazoea kodi ya mshahara. Unakatwa kila malipo, mwaka ukiisha unajaza ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka, ukijaliwa unarudishiwa kidogo. Nilikuwa najaza mwenyewe kwa programu ya kodi, miaka sita, sijamlipa mtu hata senti. Kila mwaka narudishiwa mia nane, mia tisa, maisha yanaendelea. Halafu mwaka 2023 nikashinda gari.

Lilivyokuja sasa. Usiku mmoja sina usingizi, nikajaza fomu ya shindano mtandaoni, sikununua chochote, nikalala, nikasahau. Julai napigiwa simu niko kazini, mwanamke ananiambia hongera. Nikakata. Akapiga tena, nikakata tena. Baada ya wiki ikaja bahasha nene kwa posta: hati ya kiapo kwamba mimi ndiye mimi na nilistahili kushiriki, pamoja na fomu W-9, ile wanayotaka uandike namba yako ya hifadhi ya jamii. Hapo jasho lilinitoka, maana namba hiyo ndiyo wezi wanayoitafuta usiku na mchana. Kilichonipa moyo ni kwamba hakuna aliyeniomba hela. Matapeli wa zawadi wana wimbo mmoja tu: lipa kwanza kodi, kwa kadi za dukani au kwa kutuma pesa, ndipo mzigo utoke. Kodi ya zawadi kama yangu haiendi kwa aliyekupa zawadi. Inakwenda serikalini, wewe mwenyewe unaipeleka. Hata hivyo sikuipigia namba iliyoandikwa kwenye barua. Niliitafuta namba ya kampuni kwa njia zangu, nikapiga, wakathibitisha. Nikasaini.

Agosti nikakabidhiwa gari. Kipimo cha maili kinasoma 41. Viti bado vina nailoni. Kuhusu gari lenyewe sina lawama, linatembea vizuri, halili mafuta, na sehemu ya nyuma inameza jokofu dogo (nimejaribu). Bima tu ndiyo ilipanda kutoka dola 96 kwa mwezi hadi 171, na hilo hakuna aliyenitajia siku ya kupiga picha na ufunguo mkubwa wa maboksi.

Mwishoni mwa Januari 2024 ikaja fomu 1099-MISC, ile ya kutangaza mapato yasiyo ya mshahara. Kisanduku cha 3, mapato mengine: 34,000.00. Mshahara wangu wa mwaka mzima ulikuwa 46,000. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa inaiambia serikali kwamba mwaka huo nimeingiza dola 80,000, wakati benki nina 2,900.

Nikafungua programu yangu kama kawaida. Ikaniuliza fomu hii imetokana na nini, ikanipa machaguo ambayo yote yalionekana sawa, nikabonyeza moja. Kumbe nimejitangaza kuwa mfanyabiashara. Juu ya kodi ya mapato ikaniongezea kodi ya kujiajiri, karibu dola 4,800 peke yake. Tarakimu nyekundu pembeni ya skrini ilikuwa inapanda kama mita ya teksi. Nikapiga simu ya msaada ya hiyo programu, nikasubiri dakika hamsini nikisikiliza muziki, aliyepokea akanishauri ninunue toleo la bei ya juu zaidi. Nikafunga kompyuta.

Nakiri usiku ule wazo la kutoandika kitu lilinipitia. Wazo halikudumu. Nakala ya fomu ile ile inatumwa IRS, mamlaka ya kodi, kabla hata wewe hujamaliza kuisoma ya kwako. Na wanaofuatilia televisheni wanamkumbuka Richard Hatch, mshindi wa kwanza wa shindano la televisheni la Survivor mwaka 2000: alipata dola milioni moja mbele ya taifa zima, hakuitangaza kwenye ritani, na mwaka 2006 akahukumiwa miezi 51 jela. Mimi ni mtu wa gari moja tu, lakini sikutaka kujaribu.

Mwenzangu wa kazini akanielekeza kwa huyu mama. Ana leseni ya IRS ya kuwasimamia walipakodi mbele yao, si mtu wa kujaza fomu tu, na anazungumza Kiswahili. Hilo la lugha sikudhani lingekuwa na uzito, maana Kiingereza cha kazi ninacho. Lina uzito. Kuna maswali ya kijinga huwezi kuyauliza kwa Kiingereza.

Siku ya kwanza nilisubiri saa mbili. Hapo ndipo kasoro ya kwanza: anasema njoo saa nne, wewe unafika saa nne, na watu wengine watatu nao wameambiwa saa nne. Simu yake inalia mpaka inachoka. Printa nayo ikikwama anainuka mwenyewe kuipiga kofi. Lakini kusubiri kule kulinipa somo. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameshinda pikipiki ya dola 18,000 kwenye bahati nasibu ya kuchangia hisani, tiketi alinunua kwa dola 20. Yeye hakukabidhiwa funguo mpaka alipe asilimia 24 ya thamani kutoa bei ya tiketi, yaani dola 4,315, kama kodi ya zuio. Nikashangaa mbona mimi sikuombwa. Mama akanijibu kutoka mezani kwake, bila kuinua macho: mwenzako alinunua tiketi, kwa sheria huyo amecheza kamari, na kamari ya juu ya dola 5,000 ina zuio. Wewe hukutoa kitu, kwa hiyo hakuna aliyekuzuilia. Kodi yote imekungoja Aprili.

Jamaa wa pikipiki akauliza kwa nini wenye bahati nasibu wasingemlipia tu hiyo asilimia 24. Wanaweza, mama akasema, ila wakikulipia wanalipa asilimia 31.58, kwa sababu kodi wanayokulipia nayo inahesabika ni zawadi. Chumba kizima tulicheka, ila kicheko cha maumivu.

Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshinda nini wewe?"

Nikampa karatasi. Akaitazama kisanduku cha 3, akaigeuza kunielekea, akagonga ile 34,000 kwa kifutio cha penseli yake. "Hii umeisomaje?"

Nikamwambia ninavyoogopa: kwamba gari limenipandisha daraja la asilimia 22, kwa hiyo sasa mshahara wangu wote utakatwa asilimia 22. Hofu hii nimeisikia kwa watu wengi tangu hapo, wapo hata wanaokataa nyongeza ya mshahara kwa ajili yake. Mama hakunihutubia. Akavuta vikombe vitatu vya plastiki kutoka kwenye mashine ya maji, akamimina boksi la vibanio vya karatasi mezani. Kila kibanio dola elfu. Kwenye mshahara wangu akatoa kwanza makato ya kawaida ya mwaka 2023 kwa mtu asiye na mwenzi, dola 13,850, zisizotozwa kitu. Vikabaki vibanio 32. Kikombe cha kwanza, cha asilimia 10, kikachukua 11 kikajaa. Vilivyobaki 21 vikaingia cha pili, cha asilimia 12, na nafasi ikabaki. "Huo mshahara wako. Umekaa. Haugusi mtu." Halafu akaanza kuhesabu vibanio vya gari. Kumi na viwili na kipande vikamalizia kikombe cha pili, ambacho mwaka ule kiliishia kwenye dola 44,725. Vilivyozidi tu ndivyo vilivyoangukia kikombe cha tatu, cha asilimia 22.

Nimesoma makala kadhaa kuhusu madaraja ya kodi, hakuna iliyonikaa kichwani kama sauti ya vibanio vile vikianguka kwenye plastiki.

Ile kodi ya kujiajiri aliifuta kwa sentensi moja. Zawadi ya bahati si biashara, inaandikwa kwenye Jedwali la 1 la ritani, mstari wa 8i, zawadi na tuzo, basi. Dola 4,800 zikayeyuka pale pale. Kama angesimama hapo nikamlipa nikaenda zangu, bado ningempa nyota nyingi.

Hakusimama. Akauliza, "Na hii elfu thelathini na nne nani kaisema?"

Nikasema kampuni. "Kampuni imesema kwa bei ya kwenye kibandiko cha kioo," akasema. "Wewe umewahi kumwona mtu ananunua gari kwa bei ya kibandiko?" Sheria ya kodi ya Marekani, kifungu cha 74, inasema zawadi ni mapato, na isipokuwa pesa taslimu, hesabu ni kwa thamani ya soko, yaani bei ambayo mnunuzi na muuzaji wasiolazimishwa wangekubaliana siku ile. Kibandiko cha kiwandani ni bei ya kuanzia maneno. Akanituma kazi ya nyumbani: tafuta gari lile lile, muundo ule ule, mwaka ule ule, yadi tatu za magari zilikuwa zinaliuza kiasi gani Agosti 2023, na uje na karatasi, si maneno.

Nilihangaika wiki mbili. Yadi ya kwanza walikuwa bado na nakala ya tangazo la mwezi huo. Ya pili walinichapishia hati za mauzo za magari mawili, wamefuta majina ya wanunuzi kwa wino mweusi. Ya tatu walinifukuza kwa adabu, ikabidi niende ya nne. Bei zilikuwa zinazunguka 31,000. Nilipata pia ofa ya maandishi ya yadi kulinunua gari langu kwa 26,500, nikamletea mama nikichekelea, nikidhani nimepata dhahabu. Akaisukuma pembeni. Ile ni bei ya yadi kununua ili ipate faida, akasema, si bei ambayo mtu kama mimi angelinunulia. "Baba, tukiandika hiyo watatuita, na wakituita sitakuwa na la kusema. Thelathini na moja nina la kusema."

Nilibisha kidogo. Hapo ndipo aliponisimulia kesi ya bwana mmoja aitwaye Turner, iliyoamuliwa mwaka 1954. Turner alipigiwa simu na redio, mwisho wa siku akashinda tiketi mbili za daraja la kwanza za meli kutoka New York hadi Buenos Aires, kwenda na kurudi. Tiketi haziuziki kwa mtu mwingine. Madukani zilikuwa dola 2,220. Yeye akatangaza 520, kwa hoja kwamba mtu wa kipato chake asingeota kununua anasa ile. Serikali ikataka 2,220 nzima. Mahakama ya kodi ikatazama pande zote mbili ikasema 1,400, bila kuonyesha hesabu yoyote ya jinsi ilivyofika hapo. Turner alishazibadili zile tiketi kwa nne za daraja la chini hadi Rio de Janeiro ili apeleke na watoto. Mama anampenda huyu Turner, anamsimulia kama jirani yake. Alichotaka nielewe ni kwamba thamani ya zawadi inabishanika, ila anayekwenda na namba ya kutamani anapandishiwa, na anayenyamaza analipa ya dukani.

Akaiandikia kampuni ya shindano kuomba watoe fomu iliyosahihishwa. Barua mbili. Jibu lilikuja baada ya mwezi, mistari miwili: wanabaki na namba yao. Hapa niseme wazi, hasira yangu yote katika habari hii iko kwao. Kubadili namba kulikuwa hakuwagharimu kitu. Mama hakutikisika. Akajaza 31,000 kwenye ritani, akaambatisha maelezo ya ukurasa mmoja yanayotaja ile 34,000 waziwazi na kueleza tofauti, pamoja na karatasi za yadi. Tofauti ya dola 3,000 kwenye kikombe cha asilimia 22 ni dola 660. Ada yake ilikuwa 280.

Na hapo kasoro ya pili. Siku ya kwanza alisema 180. Ilipofika kulipa ikawa 280, kwa sababu ya zile barua na maelezo. Kazi ilistahili, sibishi, lakini bei inayoota mkia njiani inaudhi, hasa kwa mtu ambaye tayari anahesabu vibanio. Angenitajia mapema. Nyota ya tano ilianguka kwenye ile mia moja, na saa mbili za kusubiri zikaikanyaga.

Hesabu ya mwisho: kodi yangu yote ya mwaka 2023 ilikuwa dola 9,206. Nilishakatwa 4,512 kwenye mshahara. Baki 4,694. Bila gari ningerudishiwa kama kawaida yangu, kwa hiyo gari la bure limenila zaidi ya dola 5,500 za kodi ya serikali kuu. Na mimi ni mwenye afueni, jimbo ninaloishi halitozi kodi ya mapato, kama ilivyo Texas au Florida. Majimbo mengi yanatoza, na huko ungeongeza yao juu. Wale watu 276 waliopewa magari ya Pontiac G6 kwenye kipindi cha Oprah Winfrey Septemba 2004, wakaruka na kulia kwenye kamera, nao walikutana na hili: Pontiac iligharimia kodi ya mauzo na usajili, lakini kodi ya mapato, iliyoweza kufika dola 7,000 hivi, ikabaki kwao. Nilikuwa nacheka video ile. Siku hizi naitazama kwa macho ya ndugu.

Nilitegemea na faini ya kuchelewa kulipa katikati ya mwaka, maana watu wenye mapato yasiyokatwa wanatakiwa kulipa kwa robo. Mama akaangalia ritani yangu ya mwaka wa nyuma, akaona niliyokatwa mwaka wa gari yanazidi kodi yangu yote ya mwaka ule wa nyuma. Faini hakuna. Alinifokea lakini kwa nini sikuja Julai. Ningekuja kabla ya kusaini, alisema, ningekuwa na njia nyingine: kukataa zawadi kabisa, maana zawadi uliyoikataa haikuhesabiwi mapato, au kuipokea na siku ile ile kujaza upya fomu W-4 kazini ili nikatwe zaidi kila malipo, kodi ije kidogo kidogo. Mimi miezi mitano nilikuwa naosha gari.

Siku ya mwisho, Aprili 15, nililipa dola 2,694 na benki ikabaki mifupa. Dola 2,000 zilizobaki tukaziombea mpango wa muda mfupi kwenye tovuti ya IRS, ule wa hadi siku 180, ambao hauna ada ya kufungua. Riba wakati huo ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka, na juu yake adhabu ya nusu asilimia kwa mwezi kwa ulichobakiza. Alinisisitizia kitu kimoja ambacho kingenitokea kama ningekuwa peke yangu: hata kama huna senti, peleka ritani kwa wakati. Asiyewasilisha anapigwa asilimia 5 kwa mwezi, mara kumi ya yule aliyewasilisha akashindwa kulipa. Nikalipa mia tano Mei, mia tano Juni, Julai, Agosti. Nikasahau.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka uliofuata, 2025, ikaja barua kutoka IRS, kurasa kadhaa, juu kulia imeandikwa CP2000. Kompyuta yao imelinganisha ritani yangu na fomu ya kampuni, imeona 31,000 huku na 34,000 kule, inapendekeza niongeze dola 660 na riba. Nilisimama mlangoni na slipa mguu mmoja. Nikampigia mama, simu ikalia, ikalia, ikakatika. Nikamtumia picha. Jioni akanijibu kwa sauti: "Usilipe kitu mwanangu. Hiyo si bili, wanapendekeza tu. Tuna siku 30. Niletee karatasi zote."

Nilimkuta na faili langu tayari mezani, na zile hati za yadi zenye wino mweusi. Alitia alama kwenye kisanduku cha sikubaliani, akaandika barua ya aya tatu, akaambatisha kila kitu upya, na kunituma posta niitume kwa rejista na kutunza risiti. Nikauliza kiasi gani. Akasema hiyo ilikuwa ndani ya ile 280. Nikaona aibu kidogo kwa mambo niliyokuwa nimeyasema juu ya ile mia moja, ila nyota sijairudisha. Saa mbili ni saa mbili, na simu bado hapokei.

Baada ya wiki saba ikaja CP2005, ukurasa mmoja: wamefunga suala, sidaiwi.

Kama unakwenda kwake na zawadi, beba fomu 1099 au W-2G (ile ya ushindi wa kamari), kanuni za shindano, karatasi za bei za siku uliyokabidhiwa, na ritani ya mwaka wa nyuma. Beba na kitabu cha kusoma. Muulize bei yote mapema, barua zikiwemo, mwambie aiandike. Nenda katikati ya wiki.

Mimi ile barua ya CP2005 nilimpelekea mkononi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeegesha mbele ya dirisha lake, akatoka nje na kalamu sikioni kuliona gari ambalo amelipigania mwaka mzima bila kulitia machoni. Akalizunguka polepole. Akasimama kwenye mlango wa nyuma, penye mkwaruzo wa toroli la dukani, akaupitisha kidole.

"Hili ndilo la thelathini na moja?"

"Ndilo, mama."

"Kwa sasa," akasema, "ningekuandikia ishirini na mbili."